Tufunge Bomba Kabla ya Kupiga Deki

Atakayefika asubuhi katika hospitali yoyote ya mkoa, siku ya kliniki ya kisukari na shinikizo la damu, ataona mabenchi yamejaa kabla ya saa mbili. Wapo wakulima, walimu, makarani, madereva, mama lishe na wastaafu. Kila mmoja ameshika kadi yake, na wengi wao watairudia safari hiyo mwezi baada ya mwezi hadi mwisho wa maisha yao. Daktari atapima, ataandika dawa, kisha atamwita mwingine. Jioni atakuwa amefanya kazi ya kusifiwa. Lakini miongoni mwa wote aliowaona hatakuwamo hata mmoja ambaye alizuiwa asiugue.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2012, kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la damu lililopanda, na kwamba watu 9 katika kila 100 walikuwa na kiwango cha sukari cha kisukari. Hayo ndiyo maradhi ambayo babu zetu waliyasikia kuwa ni ya matajiri na ya watu wa ng'ambo. Leo yamehamia mjini, na yako njiani kuelekea kijijini.

Rai ya makala haya ni moja. Tabibu anayeyatoa maisha yake ili kuzuia maradhi hana budi kupewa mafunzo, fedha na heshima sawasawa na yule anayetibu. Na uchunguzi wa chakula chetu cha jadi uhesabiwe kuwa ni sehemu ya utabibu wenyewe, wala si pambo lake. Ili kuithibitisha rai hiyo, yafaa tuitazame kazi ya daktari mmoja ambaye elimu yake kubwa hakuipata Ulaya alikozaliwa, bali hapa hapa Afrika Mashariki.

Mpasuaji mwenye ramani

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Baba yake alikuwa mhandisi wa wilaya ambaye, nje ya saa za kazi, aliwafunga ndege pete miguuni na kuchora ramani ya mahali alipoishi kila mmoja. Mwana naye alianza kusomea uhandisi, kisha akageukia udaktari. Alikuwa na jicho moja tu, kwani jingine lilipotea kwa ajali ya utotoni; hata hivyo alifuzu na kuwa daktari wa upasuaji. Mwaka 1946 aliajiriwa na serikali ya kikoloni, akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda.

Huko Lira, pamoja na wingi wa wagonjwa, aligundua jambo ambalo wengi wangelipita bila kulitazama. Wanaume wenye mabusha walikuwa wengi sana upande wa mashariki wa wilaya, na upande wa magharibi walikuwa haba. Hakuridhika kupasua tu. Aliuliza: kwa nini huku na si kule? Hesabu yake aliichapisha mwaka 1951. Katika swali hilo dogo ndimo ilimokuwa njia yake yote ya baadaye: ukitaka kujua chanzo cha ugonjwa, kwanza ujue unapatikana wapi, na wapi haupatikani.

Mwaka 1957, akiwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto aliyevimba taya zote mbili. Muda mfupi baadaye, alipokuwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Alifungua majalada ya zamani, akakusanya picha na takwimu, na mwaka 1958 akatangaza habari za saratani hiyo ambayo hata leo inaitwa kwa jina lake.

Kisha mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walipanda gari kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250, wakasafiri kiasi cha kilomita 16,000 kutoka Uganda, kupitia Kenya na Tanganyika, hadi kusini mwa Afrika. Katika kila hospitali waliuliza swali moja huku wakionyesha picha: Je, mmewahi kuwaona watoto wa namna hii? Majibu waliyatia kwenye ramani. Ilidhihirika kwamba ugonjwa ule hufuata joto na mvua, na kwamba katika Uganda na Kenya hukoma kwenye miinuko inayozidi kiasi cha mita 1,500. Ramani ya uvimbe ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1964 wataalamu wa London, Epstein, Achong na Barr, waliviona virusi vipya ndani ya chembe za uvimbe huo zilizotoka Uganda. Na sasa inafahamika kwamba virusi hivyo, vikishirikiana na malaria ya mara kwa mara, ndivyo vinavyofungua mlango wa saratani hiyo kwa watoto wa Kiafrika.

Haya yangetosha kumpa mtu sifa ya maisha yake yote. Ajabu ni kwamba kazi ya Burkitt inayotuhusu zaidi leo ilikuwa bado haijaanza.

Kutoka chumba cha upasuaji hadi jikoni

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Mwaka uliofuata alikutana na Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini, aliyekuwa akidai kwamba maradhi mengi ya nchi tajiri yana shina moja: sukari na unga uliosafishwa mno. Wengi walimpuuza. Burkitt hakumpuuza, kwa sababu alikumbuka vitanda vya Mulago. Kwa miaka karibu 20 alikuwa amepasua matumbo ya Waganda, lakini maradhi yaliyojaza wodi za Uingereza hakuyaona ila kwa nadra: kidole tumbo, vijiwe vya mfuko wa nyongo, saratani ya utumbo mpana, na vijifuko vinavyojitokeza katika ukuta wa utumbo kwa wazee. Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30 tangu 1929, naye alikuwa na ushuhuda wake. Mwaka 1956, yeye na mwenzake Singh waliandika katika jarida la kitabibu habari za Mwafrika mmoja aliyeugua mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja tu! Kwa wakati ule jambo hilo lilikuwa geni kiasi cha kustahili makala.

Burkitt aliirudia njia yake ya zamani. Kwa barua na fomu za maswali aliziuliza hospitali zaidi ya mia moja, nyingi zikiwa za vijijini Afrika na Asia: mwezi huu mmewaona wangapi wenye ugonjwa huu, na wangapi wenye ule? Kisha, pamoja na Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa Uingereza, alifanya jambo ambalo madaktari wengi wangeliona haya kulifanya: alipima choo. Waliwapa watu vidonge vidogo visivyoyeyuka, wakahesabu saa hadi vilipotoka, na kinyesi wakakitia kwenye mizani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Kwa wanakijiji wa Uganda, chakula kilipita tumboni kwa muda wa siku moja na nusu hivi, na uzito wa choo cha siku ulizidi gramu 400. Kwa Waingereza waliokula mkate mweupe, chakula kilikaa karibu siku tatu au zaidi, na uzito ulikuwa gramu mia moja na ushei tu.

Tofauti hiyo ilisababishwa na nini? Burkitt na Trowell walijibu: makapi-mlo, yaani zile nyuzinyuzi za nafaka, kunde, mboga, matunda na mizizi ambazo tumbo la mtu haliwezi kuzisaga. Wataalamu wa lishe walikuwa wameyahesabu makapi hayo kuwa takataka, kitu kisicho na nguvu wala vitamini. Sasa tunajua yafanyayo. Hulainisha choo na kukisukuma. Huchelewesha sukari kuingia katika damu, hivyo kongosho halihemeshwi. Hunasa sehemu ya nyongo na kutoka nayo, na hivyo kupunguza lehemu mwilini. Zaidi ya yote, hayo makapi ndiyo chakula cha mabilioni ya bakteria waishio katika utumbo mpana. Nao, wakiyachachusha, hutoa asidi ambazo huzilisha chembe za ukuta wa utumbo na kuutuliza mwili. Kumbe tulichokiita pumba kina walaji wake ndani yetu.

Katika mihadhara yake Burkitt alipenda kuonyesha mchoro wa watu wawili wanaopiga deki kwa bidii huku bomba likifoka maji na hakuna anayelifunga. Alisema kwamba ndivyo utabibu wa zama zetu ulivyo: tunasifu fagio na kitambaa, tunanunua ndoo kubwa zaidi, wala hatuuliziki kuhusu bomba. Neno hilo lilitoka kwa mtu aliyekuwa stadi wa kupiga deki, na ndiyo sababu lilikuwa na uzito.

Yaliyopasa kusahihishwa

Jarida la sayansi halipaswi kumgeuza mtaalamu kuwa nabii. Burkitt alifanya makosa, na ni vizuri kuyataja. Kwanza, ramani huonyesha mambo mawili yanayoandamana. Haithibitishi kwamba moja limezaa jingine. Mkulima wa Uganda wa miaka ile hakutofautiana na karani wa London kwa chakula peke yake: alitembea zaidi, hakunenepa, na pengine hakuishi miaka mingi kiasi cha kufikia umri wa saratani. Pili, baadhi ya majaribio hayakumuunga mkono. Mwaka 2000 yalitangazwa Marekani majaribio mawili makubwa ambamo watu waliokwisha kuondolewa vinyama vya utumbo mpana walipewa ama pumba za ngano, ama mlo wenye makapi mengi na mafuta machache. Katika miaka michache ya uchunguzi, vinyama viliwarudia sawasawa na wale ambao hawakubadilisha mlo. Hata maelezo yake kuhusu vijifuko vya utumbo yametiliwa shaka na uchunguzi wa baadaye.

Lakini sayansi haikuishia hapo. Mwaka 2015 watafiti walibadilishana milo baina ya Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini kwa wiki mbili tu: Wamarekani wakala chakula cha kijijini chenye makapi mengi, na Waafrika wakala chakula cha Kimarekani chenye mafuta mengi. Katika muda huo mfupi, dalili za utumbo zinazohusiana na hatari ya saratani zilipungua kwa wale na kuongezeka kwa hawa. Na mwaka 2019 yalitolewa majumuisho ya uchunguzi wa miaka mingi, yakiwamo majaribio 58, yaliyoonyesha kwamba wanaokula makapi mengi hupungukiwa na vifo na magonjwa ya moyo, kisukari na saratani ya utumbo mpana kwa kiasi cha asilimia 15 hadi 30 wakilinganishwa na wanaokula machache. Na kwamba kiwango cha gramu 25 hadi 29 kwa siku kina faida kubwa. Shirika la Afya Duniani sasa linawashauri watu wazima wasipungukiwe na gramu 25.

Kwa hiyo Burkitt hakupatia yote, lakini alielekeza macho mahali panapostahili. Huo ndio mwendo halali wa sayansi: dhana hutolewa, hupimwa, hukatwa panapozidi, na kilichobaki huwa imara.

Walimu waliosahau somo

Hapa ndipo penye uchungu. Ni wakulima, akina mama na watoto wa Afrika Mashariki waliotoa maarifa hayo. Miili yao ndiyo iliyokuwa kitabu; daktari alikuwa msomaji. Majina yao hayakuandikwa popote. Ulaya na Marekani zimejifunza, na madukani kwao mkate wa ngano isiyokobolewa huuzwa kwa bei ya juu kuliko mweupe. Sisi, tuliokuwa walimu, tumegeuka kuwa wanafunzi wa mkate mweupe.

Tazama mashine za kusaga zilizomo katika miji yetu. Mahindi hukobolewa mpaka yang'ae. Pumba na kiini huwekwa kando wakapewa kuku na ng'ombe, na watoto wetu hupikiwa sembe. Ugali mweupe umekuwa alama ya maendeleo, na dona chakula cha shule na magereza. Ulezi, mtama, mbaazi na kunde huitwa vyakula vya njaa. Chipsi na soda ndizo zawadi za sikukuu, na sasa si za sikukuu tena bali za kila siku.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mapenzi ya mambo ya kale tu. Basi na wasikilize habari kutoka Moshi. Mwaka 2025, watafiti wa Kilimanjaro na wenzao wa Uholanzi walitangaza jaribio walilolifanya kwa wanaume 77 wenye afya. Kundi moja, lililozoea chakula cha jadi cha mkoa huo, lilipewa mlo wa kisasa wa soseji, mkate mweupe na chipsi kwa wiki mbili. Kundi jingine, lililozoea mlo wa mjini, lilipewa chakula cha jadi chenye ndizi, maharage, nafaka na mboga za majani. Kundi la tatu lilipewa mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi kilichochachushwa, kwa wiki moja. Walioingia katika mlo wa kisasa walionyesha katika damu yao dalili za mwili unaojihami kana kwamba umejeruhiwa, na kinga yao ya kupambana na vijidudu ilidhoofika. Kwa makundi mengine mawili dalili hizo zilipungua. Baadhi ya mabadiliko yalikuwapo hata wiki nne baada ya jaribio kwisha.

Lazima tuongeze upesi kwamba jaribio hilo lilikuwa dogo, la vijana wa kiume peke yao, na la muda mfupi. Wala matokeo ya mbege si ruhusa ya ulevi, kwa kuwa kilevi kina madhara yake yanayojulikana. Lakini jambo kuu limesimama. Chakula cha bibi zetu kimepelekwa maabara, kimepimwa kwa mizani ile ile inayopima dawa, na hakikuaibika.

Mambo matatu ya kutenda

Kwanza, tuuheshimu ukweli wote, si nusu yake. Tukiwaambia wananchi warudi kwenye dona bila kuwaambia habari za sumukuvu, tutakuwa tumefunga bomba moja na kufungua jingine. Mwaka 2004, mahindi yaliyoota kuvu mashariki mwa Kenya yaliwadhuru watu 317, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 maafa ya namna hiyo yalitokea katika mikoa ya kati ya Tanzania. Sumu hiyo hujikusanya zaidi katika pumba na kiini, na kukoboa huipunguza kwa sehemu. Kwa hiyo dona salama huanzia shambani: mahindi yakauke vizuri juu ya turubai, yasilazwe ardhini, yahifadhiwe mahali pakavu, na yaliyooza yachambuliwe na kutupwa. Daktari wa kinga hawezi kufanya kazi hiyo bila bwana shamba. Wala bwana shamba bila mwenye mashine.

Pili, tuitenge tiba ya kweli inayounganisha na biashara ya maneno. Siku hizi wapo wanaouza chupa na unga kwa jina la asili, wakidai kwamba kitu kimoja hutibu kisukari, saratani, presha na nguvu za kiume. Wapo pia madaktari wanaocheka kila neno linalotoka jikoni au porini. Pande hizo mbili zina kosa moja: hazipimi. Tiba inayounganisha dawa za hospitali, chakula, mwenendo wa maisha na maarifa ya jadi haina maana ya kuchanganya kila kitu katika chungu kimoja. Maana yake ni kwamba kila kitu, kiwe kimetoka kiwandani au shambani, kiletwe mbele ya swali lile lile: kinafaa nani, kwa kiasi gani, na kina madhara gani? Wala mgonjwa asiache vidonge vyake vya kisukari kwa sababu ameanza kula dona. Aliyekwisha lowa anahitaji kukaushwa, hata kama bomba limefungwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tubadilishe heshima. Kijana anayemaliza shule ya udaktari leo anajua njia ya kupata jina: awe mpasuaji, awe bingwa wa moyo, awe na chumba cha mashine. Akisema kwamba anataka kuchunguza chakula cha shule za msingi au chumvi ya mikate, wenzake humhurumia. Sababu yaeleweka. Aliyetibiwa huja kushukuru, na huleta kuku. Aliyezuiwa asiugue hajui kama alikuwa katika hatari, wala hatakuja kamwe. Kazi ya kinga haina mashahidi, na kwa hiyo taifa lenyewe halina budi kuwa shahidi wake, kwa vyeo, kwa mishahara na kwa fedha za utafiti.

Nchi hizi si ngeni kwa mawazo haya. Tanzania iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe kwa sheria ya mwaka 1973, na mwaka ule ule kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wengi katika vikundi vya kusikiliza redio na kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Wakati huo adui alikuwa kuhara damu, malaria na utapiamlo, na maadui hao hawajatoweka. Lakini amejiunga nao adui mpya ambaye haingii kwa maji machafu, bali kwa sahani nzuri. Na silaha yake kubwa ni kwamba anapendeza.

Burkitt alifariki mwaka 1993. Hakuacha kisu kwa sababu kisu kilimshinda. Alikiacha kwa kuwa alihesabu, akaona kwamba kwa mikono yake miwili angewaokoa mamia, na kwa swali lililoulizwa vizuri angewaokoa wengi asioweza kuwaona. Hesabu hiyo iko wazi kwa kila tabibu kijana wa Lira, Moshi, Kisumu au Mtwara. Hahitaji kwanza mashine ya mamilioni. Anahitaji mizani, daftari, ramani ya wilaya, na udadisi wa kuuliza kwa nini ugonjwa uko huku na kule haupo.

Na msomaji ambaye si tabibu naye ana kazi yake. Safari ijayo ya mashineni, amwambie msagaji asiyakoboe mahindi yake, maadamu ameyakausha na kuyachambua. Mabenchi ya kliniki hayatapungua kesho kwa sababu hiyo. Lakini mtoto atakayeula ugali huo leo ndiye ambaye, miaka 40 ijayo, huenda asiwe na kadi ya kushika.